Tochi ya Kumwita Mfaume

Kilwa Kisiwani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kwa mke wangu Mama Rehema,
Rutamba.

Salamu hizi nataka zikukute umekaa, maana najua ukisimama sana siku hizi miguu inavimba. Mnaendeleaje huko? Mgongo unakuachia ulale? Rehema amepona kile kikohozi, au bado anakohoa pale tu anapotumwa dukani? Mama yangu je, hajambo? Mpe shikamoo yangu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu ukishaanza utasahau. Mimi mumeo ni mzima. Nakula, nalala, vidole vimebabuka kwa chokaa kama kawaida ya fundi mwashi, na hilo si jipya kwako.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu kila nikifika katikati ya hoja unacheka, na ukicheka mtandao nao unakatika, utadhani mmepatana. Barua haikatizwi. Anakuletea Chilumba, mwenzangu wa kazi, yule Mmakonde wa Newala niliyekusimulia, anakwenda Lindi kumwona dada yake na amekubali kupitia Rutamba. Mpe chakula ashibe. Ila usimwamini kwa lolote linalohusu tochi, maana na yeye yumo humu ndani na utamwona anavyofanya.

Nianze na maneno yako mwenyewe. Nilipokuomba uje ujifungulie huku, karibu na mimi, ulinijibu hivi: "Mimi nimezaliwa nchi kavu na nitazalia nchi kavu. Siji kuzaa kwenye kisiwa ambacho mtu akizidiwa, boti inaitwa kwa tochi." Kisha ukaniuliza swali moja: "Nikishikwa na uchungu huko giza limeingia, nani atanivusha?" Nikanyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, Mama Rehema. Sikuwa na jibu.

Na unajua kwa nini nang'ang'ania. Kazi ya kukarabati hizi kuta za kale haitakwisha kabla ya siku zako, na nikiiacha sasa sitaipata tena. Rehema alizaliwa mimi niko Mtwara kwenye kazi za watu. Siku ya kwanza kuniona alikuwa tayari anakaa mwenyewe, akanitazama kama mgambo aliyekuja kudai ushuru, akalia mpaka nikatoka nje ya nyumba yangu mwenyewe. Sitaki mtoto wa pili anipokee hivyo. Basi nikajiambia, kama tatizo la mke wangu ni tochi, nitatafuta tochi.

Kwanza ujue kwa nini boti huitwa kwa mwanga. Boti ya mashine ya kutegemewa hapa ni ya Mfaume. Mfaume ni mtoto wa kisiwa hiki, mke wake mkubwa yuko hapa, lakini alioa mke wa pili ng'ambo, Masoko, na tangu hapo boti ikaanza kulala ng'ambo na yeye. Simu anayo, ila jua likizama anaizima. Yeye anasema anatunza chaji. Mke mkubwa anasema vingine. Zamani mgonjwa akizidiwa watu waliwasha makuti makavu ufukoni, moto ukaonekana ng'ambo, mwenye chombo akaja. Siku hizi kila mtu ana tochi. Wasaka kaa wanamulika, watoto wanamulika, waume wanaorudi kuswali wanamulika, na ukiwa ng'ambo unaona kisiwa kimejaa vimulimuli usijue nani anakuita na nani anatafuta kandambili yake. Nikaona dawa ni tochi ya kupiga mbali, mwanga mwembamba unaokwenda moja kwa moja mpaka ukutani kwa Mfaume. Tena iwe ndogo ya kutia mfukoni, maana kitu kikubwa hapa huazimwa na hakirudi. Na iwe ya bei ya fundi mwashi, siyo ya mkandarasi.

Ya kwanza niliinunua Nangurukuru, nilipokwenda kupokea mifuko ya chokaa. Ilikuwa na kichwa kama kikombe cha uji, na boksi lake limechorwa mwanamume mwenye misuli anamulika mlima. Muuzaji aliniapia kwamba nikiiwasha Kilwa watu wa Mafia watafumba macho. Nikaileta, nikaenda nayo ufukoni baada ya magharibi, na Athumani, mtoto wa mwenyeji wangu Bi Pili, akaja kushuhudia. Nikawasha. Ufuko wote ukawa mchana. Tuliona kaa, tuliona ndoo ya mtu iliyopotea tangu wiki iliyopita, tuliona mbuzi wa jirani yuko mahali asipotakiwa. Lakini mwanga ulifika kwenye mitumbwi ukaishiwa nguvu, ukamwagika majini wote. Athumani akasema, "Fundi, hii ni nzuri kwa harusi."

Ya pili ilikuwa ile ya kuvuta kichwa, ina lenzi kama jicho la samaki. Ukisukuma kichwa mwanga unatanuka, ukivuta unajikusanya. Nikavuta mpaka mwisho. Ukutani kwa Bi Pili ikatokea picha ya mraba, ya njano, ina mistari ndani yake, kama nimemulika kipande cha biskuti. Niliipenda, nakiri. Lakini kila nikivuta, mwanga mwingi unabaki umefungwa kwenye shingo ya tochi, kinachotoka ni kidogo, na kile kidogo kilifika nusu ya maji kikachoka.

Hapo ndipo nilipopelekwa kwa Fundi Hemedi, anayetengeneza redio na simu pale pale Nangurukuru, nyuma ya wauza chapati. Ni mtu mnene, anaongea kama anakusomea hukumu. Nikamwekea tochi zangu mbili mezani. Hakuzigusa. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa unanunua mwanga au unanunua umbali?"

Nikamwambia nilidhani ni kitu kimoja.

"Ndiyo maana wanakupenda sokoni," akasema. Akanielekeza. Usitazame ukali, kila tochi ni kali ukiiwasha dukani. Chungulia mdomoni. Kile kidoti cha njano kinachotoa mwanga kiwe kidogo kabisa, na lile bakuli la fedha linalokizunguka liwe pana kadiri tochi inavyoruhusu, lizame ndani, na liwe laini. Bakuli lenye vipele kama ganda la chungwa linatawanya mwanga, ni zuri kwa kutafutia ufunguo. Kidoti kikubwa ndani ya bakuli dogo ni makelele matupu. Akanichagulia moja fupi, haizidi kiganja changu, kichwa kimetanuka kidogo, ya bei ya kuku asiye na afya njema. Kasoro zake zilikuwa mbili. Kidoti kilikuwa kikubwa, na bakuli lilikuwa na vipele. Akasema kidoti atabadilisha yeye, na bakuli laini atalitoa kwenye tochi nyingine iliyokufa. Nirudi Alhamisi.

Mama Rehema, mimi fundi mzima, nilisikia neno "vipele" nikajisikia dharau. Kazi yangu ya maisha ni kulainisha. Nikamwambia Hemedi asihangaike na bakuli, hilo niachie mimi. Nikaenda nalo nyumbani, nikachukua kitambaa na unga wa chokaa uliochekechwa, nikasugua kwa upole kama ninavyosugua ukuta wa kibla. Vipele vilitoka. Na ile fedha yote ikatoka navyo. Nikabaki na bakuli la plastiki la kijivu, laini kweli kweli, lisilorudisha mwanga hata wa kiberiti. Kumbe ile fedha ni kama pumzi tu, hata kidole hakitakiwi kuigusa. Alhamisi Hemedi alilishika lile bakuli, akalizungusha, akaniuliza kama kwetu tunaosha vioo kwa mchanga. Kisha akatoa lile la tochi iliyokufa, na alikuwa amelikata tayari kwa vipimo. Alijua nitaliharibu.

Tukaitengeneza pamoja mchana kutwa. Kidoti kipya kilikuwa kidogo kama chembe ya ufuta. Akakichomelea juu ya kipande cha shaba ili joto lipate pa kukimbilia, akakiinua kwa duara la karatasi ngumu mpaka kikakaa katikati ya bakuli. Hapo ndipo penye kazi, kikisogea hata unene wa ukucha mwanga unatoka na shimo jeusi katikati. Betri ilitoka kwenye kompyuta ya mtu iliyokufa, na springi ikalazwa waya mnene juu yake ili umeme usicheleweshwe. Mpira wa kuzuia maji nilikata mimi, kwenye kandambili yangu, na safari hii nilikata vizuri. Kitu kimoja alikiacha, nacho ni kile kisahani cha swichi kinachofanya tochi iwe na mitindo. Bonyeza mara moja inawaka, mara mbili inafifia, mara tatu inapepesa kama gari la polisi. Akasema nikitaka atakitoa. Nikasema kiache, labda kitafaa.

Chilumba wiki hiyo alikuwa analala Masoko akisubiri shehena ya chokaa. Nikampigia, nikamwambia asimame karibu na nyumba ya Mfaume, ile yenye ukuta mweupe unaotazama huku, na anieleze anachoona. Nikawasha. Kwa bahati mbaya kidole kilibonyeza mara tatu. Chilumba akaniambia watoto wa ng'ambo wametoka nje wanacheza, wanadhani kuna disko kisiwani. Kesho yake nikarudi kwa Hemedi kwa aibu, akakitoa kile kisahani, akaniwekea kiganjani.

Baada ya hapo, mke wangu, ilikuwa kazi safi. Jioni tatu nilisimama juu ya jiwe lile lile, nikapumzisha mkono juu ya mti, nikawasha. Mstari mweupe ukavuka maji yote. Chilumba kwenye simu anasema, "Imetua. Sahani nyeupe, chini ya dirisha, karibu na msingi. Haitikisiki." Jioni ya kwanza nilitaka kuruka. Nikamwambia Chilumba sasa kilichobaki ni kidogo, amwone Mfaume amweleze kwamba akiona sahani ya mwanga ukutani kwake, Kisiwani kuna mgonjwa. Chilumba akasema sawa. Jioni ya tatu nikamuuliza, umemwambia? Akasema, "Nimepiga hodi, wapo." Nikaridhika. Ningemuuliza swali moja zaidi tu barua hii ingekuwa fupi.

Basi Jumanne iliyopita, magharibi imeshaswaliwa, Mwajuma mke wa Athumani akashikwa na uchungu. Siku zake zilikuwa bado kidogo. Muuguzi alikuja, akampima, akatoka nje uso umebadilika. Mtoto ametanguliza makalio, akasema, avuke sasa hivi, alfajiri ni mbali. Akapiga simu ng'ambo, gari la wagonjwa likaja kusubiri gatini. Kilichokosekana ni boti. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zote zimekaa juu ya tope. Boti nyingine ya mashine ilikuwa imefunguliwa mashine yake vipande vipande juu ya gunia. Simu ya Mfaume imezimwa. Wote wakanigeukia mimi.

Sitakuficha, nilijisikia mtu mkubwa. Nikapanda jiwe langu, nikawasha. Sahani ikatua chini ya dirisha la Mfaume kama kawaida yake. Tukangoja.

Tukaendelea kungoja. Nyuma yangu Mwajuma alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba pale pale ufukoni, amemshika Bi Pili mkono, anauma kanga asipige kelele. Athumani anakwenda na kurudi. Mimi nimesimama, mkono haujatikisika, mwanga umetulia. Boti haisogei. Bi Pili akaniita kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali.

"Baba, hiyo tochi yako inaita au inapamba?"

"Inaita, mama. Mfaume ameshaelezwa."

"Kaelezwa na nani?"

Nikasema Chilumba. Bi Pili akasema, "Zima."

Hapo nilikuwa nimeshaanza kuogopa kweli, Mama Rehema. Kila Mwajuma alipoguna nilikusikia wewe. Nilikuona umelala juu ya kile kitanda, na mimi mumeo nimesimama juu ya jiwe nimeshika kitu cha bei ya kuku, napamba ukuta wa mtu. Nikazima. Wanawake walikuwa wameshaburuta makuti, wakayarundika, wakawasha. Moto ulipanda juu kupita vichwa vyetu. Na sikwambii uongo, makuti hayajaisha kushika moto vizuri tukasikia mashine ng'ambo inaunguruma.

Mfaume alifika amevaa msuli tu kiunoni. Alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi, na ndani ya boti, miguuni pake, palikuwa na jembe. Hakuna aliyemuuliza. Tukambeba Mwajuma na kitanda chake, maji magotini, tukamwingiza. Athumani akaingia, muuguzi akaingia, Bi Pili akaingia, na mimi Bi Pili akaniambia ingia na hicho kitu chako, angalau umulike mbele.

Unajua mimi na maji. Nilikaa chini nimekumbatia ubao wa mbele kama mtoto mgongoni kwa mama yake. Maji yakiwa yamekupwa njia ni nyembamba, kushoto kuna miamba, kulia kuna vigingi vya wando wa kuvulia samaki, na gizani nahodha hulazimika kwenda polepole akinusa njia. Nikawasha tochi. Ule mwanga ukaenda mbele, mbali, ukagusa kigingi cha kwanza tukiwa bado hatujakikaribia kabisa. Mfaume akasema, "Shikilia hapo hapo." Akaongeza moto. Nikawa namtafutia vigingi kimoja kimoja na yeye anapita katikati bila kupunguza. Nilifumba macho mara mbili tatu, lakini mkono ulibaki macho. Tulifika gatini Mwajuma bado anapumua vizuri na kumtukana Athumani. Amejifungua salama hospitali, mtoto wa kike, ana sauti ya mnadi samaki. Wamesharudi, wote wazima.

Sasa lile jembe.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mfaume kumshukuru, na kumuuliza kwa nini hakuja kwa tochi. Mlango wa ua ulikuwa wazi. Chini ya dirisha, pale pale sahani yangu ilipokuwa inatua, palikuwa na shimo. Mama Rehema, usifikirie shimo la kupandia mwembe. Mfaume alikuwa amesimama ndani yake namwona kofia tu.

Unawajua watu wa pwani hii na habari za mali ya Mjerumani, na mali ya masultani, na masanduku yaliyofukiwa. Sisi tunaokarabati kuta za kale kila siku tunaulizwa tumeokota nini. Nikijibu chokaa, wanakonyezana. Mfaume jioni ya kwanza aliona duara la mwanga linatoka huko huko kwenye magofu, linakuja mpaka kwake, linasimama karibu na msingi wa nyumba, halitikisiki. Jioni ya pili likatua pale pale. Akajua moja kwa moja kwamba mafundi wamepata chombo cha kupimia, na kipimo kimeonyesha kwake. Mke mdogo alikuwa amekwenda Kivinje msibani. Akafunga ua, akazima simu, akaanza kuchimba. Na aliambiwa na wakubwa zake tangu utoto kwamba mtu anayechimba mali akiitwa asiitike, akiitika tu inazama. Kwa hiyo Chilumba alipopiga hodi, mwenye nyumba alikuwa ndani amebana pumzi na jembe mkononi. Chilumba akasikia kitu kinagonga gonga, akadhani wanatwanga, akaondoka zake kwenda kunywa chai. Muulize mwenyewe akikabidhi barua hii, umwangalie usoni.

Na ile Jumanne, kadiri nilivyokuwa namwita ndivyo alivyozidi kuchimba. Nimemulika kwa bidii, na yeye kachimba kwa bidii. Tulikuwa tunashirikiana bila kujua. Nilipozima, akadhani mali imehama. Akapanda juu ya ukingo wa shimo atazame imekwenda wapi, ndipo akaona moto wa makuti.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza yote, tochi, Hemedi, chembe ya ufuta, Chilumba. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akaniambia nisimfanye mtoto, kama nataka mgawo niseme. Mpaka leo haamini. Anadhani maneno ya tochi ni ujanja wa mafundi.

Lakini kuna jambo nilimuuliza kabla sijaondoka, nalo ndilo lililonifanya nikae niandike barua yote hii. Nikamuuliza, jana ulikuwa umefika wapi na shimo?

Akaniambia, "Nilikuwa nimesikia jembe linagonga. Mkono mmoja tu wa udongo ulibaki nilitoe."

Lilikuwa jiwe la msingi, nimeliona kwa macho yangu. Lakini yeye jana hakujua kwamba ni jiwe. Yeye alijua ni sanduku, yuko peke yake, hakuna anayemwona, na akiliacha litazama na halitarudi tena maisha yake yote. Nikamwambia, na ukaliacha?

Akanitazama kama mimi ndiye niliyepungukiwa. "Moto wa makuti ule ni mgonjwa. Ningefanyaje sasa?" Akarudi kuchimba.

Basi mke wangu, uliniuliza nani atakuvusha, na nilikaa kimya. Sasa nakujibu. Atakuvusha Mfaume. Mtu aliyeamini ana dhahabu mkono mmoja chini ya nyayo zake, akaiacha bila kufikiria mara mbili kwa ajili ya mke wa jirani, huyo namkabidhi wewe na mtoto wangu na sitakuwa na wasiwasi. Mimi nilizunguka Nangurukuru yote nikitafuta cha kukutuliza moyo, na chenyewe kilikuwa ng'ambo kimevaa msuli.

Tena huenda usihitaji kuvushwa hata. Mke mdogo wa Mfaume amerudi kutoka Kivinje. Aliposimama kwenye ukingo alisema maneno mengi nisiyoweza kuyaandika kwenye karatasi itakayosomwa na mama yako, na mwisho akasema mume wake kwa kuwa amependa shimo, basi litakuwa choo, na fundi aliyelisababisha atalijenga. Nimekubali. Naweka kuta wiki ijayo, bure. Amesema kuna chumba kimoja kitupu kwake, karibu na hospitali, na ukija ukae humo tangu mapema mpaka ujifungue na upate nguvu. Ni nchi kavu. Nimeikanyaga mwenyewe nikahakikisha. Mimi nitalala kisiwani siku za kazi, na jioni nitamulika ukuta ili ujue nimekula na nakwenda kulala. Wewe tu uniahidi kwamba ukiuona mwanga hutachimba.

Nisalimie baba mkwe, mwambie lile dirisha la jikoni bado ni langu kulipachika, asimwite fundi mwingine. Salamu kwa shemeji yangu mwenye bodaboda, avae viatu akiendesha. Salamu kwa shangazi muuza vitumbua, na kwa mwalimu wa madrasa wa Rehema. Rehema mwambie baba yake amempatia kofia ya ukili, kubwa kidogo ila atakua. Mama yangu mpe shikamoo ya pili, kwa sababu najua ile ya kwanza hukutoa.

Chilumba atakaa Lindi siku chache kisha atarudi huku, na anapitia kwako. Jibu lako mpe mkononi, limeandikwa, wala usimpe la mdomo. Kama ni hapana, nitaelewa, na nitaendelea kukupenda nikiwa mbali kama nilivyozoea. Lakini sitaki kuzoea tena. Nataka huyu akifungua macho, sura ya kwanza aione yako, na ya pili iwe yangu.

Mumeo anayekuwaza kila anapochanganya chokaa,
Issa, Baba Rehema.